Guangzhou na Foshan: Miji Miwili, Uchumi Mmoja

Katika mkoa wa Guangdong, kusini mwa Uchina, miji miwili mikubwa imekaa bega kwa bega kwenye delta ya Mto wa Lulu. Guangzhou ndio makao makuu ya mkoa, na katika sensa ya mwaka wa 2020 ulikuwa na wakazi milioni 18.7. Foshan, jirani yake wa upande wa magharibi, ulikuwa na wakazi milioni 9.5. Kutoka katikati ya mji mmoja hadi katikati ya mwingine ni takriban kilomita 20, na mpaka wao wa pamoja una urefu wa karibu kilomita 200.

Wakenya wengi wanaifahamu miji hii hata kama hawajawahi kufika huko. Guangzhou ndipo yanapofanyika Maonyesho ya Canton, mara mbili kila mwaka tangu 1957, na wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa huyahudhuria kutafuta bidhaa. Foshan nao ni mji wa vigae vya sakafu, vyombo vya bafuni, fanicha na vifaa vya umeme vya nyumbani.

Somo la toleo hili linaeleza jinsi miji hii miwili ilivyounganisha uchumi wake bila kuvunja serikali yoyote. Kila mji bado una meya wake, bajeti yake na ushuru wake. Mpaka haukufutwa. Kilichopunguzwa ni vikwazo vilivyofanya mpaka huo kuwa mzigo kwa mkazi, kwa dereva na kwa mwenye kiwanda. Somo linaeleza pia ni nani waliofaidika na ni nani waliobeba gharama.

Watu wamoja, serikali mbili

Wakazi wa miji hii wana asili moja ya utamaduni. Lugha yao ya nyumbani ni Kikantoni, na vyakula na sherehe zao zinafanana. Zamani za wafalme, nusu ya magharibi ya mji wa Guangzhou ilisimamiwa na wilaya ya Nanhai, na Foshan ulikuwa mji mdogo wa viwanda ndani ya wilaya hiyo hiyo. Mafundi wa Foshan walifinyanga vyungu, wakasubu sufuria za chuma na kufuma nguo. Guangzhou ulikuwa na bandari na wafanyabiashara wa kigeni. Kwa hivyo kugawana kazi baina ya miji hii si jambo geni.

Mageuzi ya kiuchumi yaliyoanza mwaka wa 1978 yaliipa miji ya Uchina nguvu ya kutafuta wawekezaji. Viongozi wa kila mji walipimwa kwa ukuaji wa uchumi katika eneo lao wenyewe. Mtindo huo uliharakisha ujenzi wa viwanda, lakini pia ulimfanya kila kiongozi aangalie upande wake wa mpaka tu. Kiwanda kilichohamia kwa jirani kilihesabiwa kuwa hasara, hata kama wafanyakazi wake waliendelea kuishi pale pale.

Mpaka ulivyogharimu

Athari za mtindo huo zilionekana barabarani. Wachina wana jina la barabara inayofika mpakani na kuishia hapo: huiita barabara iliyokatwa kichwa. Mji mmoja ulijenga njia pana hadi ukingoni mwa eneo lake, lakini upande wa pili hapakuwa na njia ya kuipokea. Dereva alilazimika kuzunguka mbali. Magari ya mji mmoja pia yalitozwa ada yalipoingia katika mji wa pili, ingawa wenyewe walikuwa wamelipa ada ya barabara ya mwaka mzima katika mji wao.

Mito nayo ilieleza hadithi hiyo hiyo. Mito na mifereji mingi hupita katika miji yote miwili. Mji wa juu ukimwaga maji taka, mji wa chini ndio unaovuta harufu. Mji wa chini ukitumia fedha kusafisha, kazi hiyo ni bure iwapo wa juu hausafishi. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo: gharama hubebwa na mmoja, faida huenda kwa wote wawili. Hali ikiwa hivyo, kila upande husubiri mwenzake aanze.

Makubaliano ya 2009

Msukosuko wa uchumi wa dunia wa mwaka wa 2008 uliviumiza viwanda vya delta vilivyotegemea kuuza bidhaa nje. Mapema mwaka wa 2009, serikali kuu ilitangaza mpango wa maendeleo ya delta hadi mwaka wa 2020, na Guangzhou na Foshan wakatakiwa kuongoza katika kuungana. Mwezi Machi mwaka huo, serikali za miji hiyo miwili zilitia saini mkataba wa ushirikiano.

Mkataba huo ulikuja na utaratibu wa kuutekeleza. Kwanza, viongozi wawili wa juu wa kila mji waliunda kamati ya watu wanne ya kutoa mwelekeo. Pili, mameya walipanga kukutana katika kikao cha pamoja kutatua mambo yaliyokwama. Tatu, maafisa wa idara waliunda vikundi vya kazi, kikiwemo cha mipango ya ardhi, cha uchukuzi, cha viwanda na cha mazingira. Hivyo afisa wa barabara wa Guangzhou alimjua afisa mwenzake wa Foshan, na wote wawili waliulizwa kazi imefika wapi.

Mambo ya mwanzo yalikuwa madogo na yenye kuonekana. Miji ilikubali kutambua ada ya barabara ya mwaka iliyolipwa kwa jirani. Barabara zilizokatwa kichwa zilianza kuunganishwa. Mwaka wa 2010 mkoa ulizindua kadi moja ya nauli ambayo abiria aliweza kuitumia katika zaidi ya mji mmoja.

Reli iliyovuka mpaka

Tarehe 3 Novemba 2010, siku chache kabla ya Michezo ya Asia kufunguliwa Guangzhou, treni ya chini ya ardhi ilianza kubeba abiria kati ya miji hiyo miwili. Ilikuwa njia ya kwanza ya aina hiyo nchini Uchina kuunganisha miji miwili. Sehemu ya kwanza ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 20 na stesheni 14.

Jambo la kujifunza zaidi liko katika umiliki wake. Miji iliunda kampuni ya pamoja, Guangzhou ukiwa na asilimia 51 ya hisa na Foshan asilimia 49. Hakuna aliyengoja mwenzake ajenge kwanza. Hesabu ya gharama ilifanywa mapema, na kila upande ulijua sehemu yake.

Njia nyingine zilifuata. Mwishoni mwa 2018 njia ya kwanza ilirefushwa zaidi ndani ya Guangzhou. Mwishoni mwa 2021 njia ya Foshan ilifika stesheni kuu ya kusini ya Guangzhou, ambako treni za mwendo kasi huondoka kwenda sehemu nyingi za nchi. Mwezi Mei 2022 njia ya Guangzhou ilifika Shunde, wilaya ya Foshan yenye viwanda vingi vya vifaa vya umeme. Mkazi wa Shunde sasa anaweza kwenda kazini au hospitalini Guangzhou na kurudi siku hiyo hiyo.

Kila mji na kazi yake

Uchumi wa miji jirani huungana vyema pale kila mmoja unapofanya unachokiweza zaidi. Guangzhou una vyuo vikuu, hospitali kubwa, benki, uwanja mkuu wa ndege, bandari ya Nansha na maonyesho ya biashara. Foshan una mafundi, viwanda na wazalishaji wadogo wengi waliokaa pamoja. Mwenye kiwanda cha fanicha Foshan hupata mbao, gundi, bawaba na vitambaa kwa majirani, kisha hupata mnunuzi na meli kupitia Guangzhou.

Mfano mmoja uko Kenya. Kiwanda cha vigae kilichojengwa katika Kaunti ya Kajiado kilianzishwa na ushirika wa kampuni mbili: moja ya Foshan inayotengeneza mashine za kauri, na nyingine ya Guangzhou inayofanya biashara ya kimataifa. Ufundi ulitoka mji mmoja, mtandao wa biashara ukatoka mji wa pili.

Kutegemeana huko kuna upande wake mwingine. Mwezi Mei 2010, wafanyakazi wa kiwanda cha Honda kilichotengeneza giaboksi mjini Foshan waligoma wakidai mishahara bora. Kwa muda mfupi, viwanda vya Honda vya kuunganisha magari nchini Uchina, vikiwemo vya Guangzhou, vilisimama kwa kukosa vipuri. Wafanyakazi walipata nyongeza. Mgomo huo ulionyesha kwamba katika uchumi uliounganika, mfanyakazi wa mji mdogo naye ana uzito, na kwamba tatizo la upande mmoja haliishii upande huo.

Waliobeba gharama

Mwaka wa 2019 pato la Foshan lilipita yuani trilioni moja. Mwaka huo huo, mpango wa serikali kuu wa Eneo la Ghuba Kuu, linalojumuisha miji tisa ya Guangdong pamoja na Hong Kong na Macau, uliitaja Guangzhou na Foshan pamoja kuwa mojawapo ya nguzo zake. Hata hivyo, si kila mtu alifaidika sawa.

Tangu miaka ya mwisho ya 2000, Foshan ulifunga au kuhamisha viwanda vingi vya kauri ili kupunguza moshi na kupata ardhi kwa shughuli zenye thamani zaidi. Hewa iliboreka. Lakini viwanda vingi vilihamia Qingyuan, Zhaoqing na hata mkoa wa Jiangxi, na moshi wake ukaenda navyo. Vibarua walichagua kuhama au kutafuta kazi nyingine.

Nyumba nazo zilipanda bei karibu na mpaka. Guangzhou ulipoweka masharti ya kununua nyumba mwaka wa 2010, wanunuzi wengi walivuka kwenda Nanhai, upande wa Foshan. Waliokuwa na nyumba huko walifurahi. Waliokuwa wakipanga au kutafuta nyumba ya kwanza waliona bei ikiwakimbia.

Mahali pa kuonea mipaka ya muungano huu ni Jinshazhou. Hiki ni kisiwa kimoja cha mto, lakini sehemu yake iko Guangzhou na sehemu nyingine iko Foshan. Majirani wanaopita mtaa mmoja wana misimbo tofauti ya simu na wanahudumiwa na serikali tofauti. Nchini Uchina, nafasi ya mtoto katika shule ya umma na bima ya afya ya familia hutegemea sana daftari la makazi na mji ambako mtu amesajiliwa. Treni huvuka mpaka kwa dakika chache, lakini haki ya kupata huduma haivuki kwa urahisi huo. Hii ndiyo kazi ambayo bado haijakamilika, na ndiyo inayomgusa mwananchi zaidi.

Yanayohusu kaunti

Kenya haiwezi kunakili mfano huu kama ulivyo. Guangzhou na Foshan iko chini ya mkoa mmoja, na viongozi wake huteuliwa kupitia chama kimoja. Mkoa au Beijing ikiagiza, miji hutii. Kaunti za Kenya zina magavana na mabunge yaliyochaguliwa na wananchi, na Katiba inataka wananchi washirikishwe katika maamuzi.

Hata hivyo, mlango uko wazi. Kifungu cha 189 cha Katiba kinazitaka serikali za kaunti zishirikiane, na kinaziruhusu kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Tayari kuna miungano ya kaunti kama Jumuiya ya Kaunti za Pwani na ile ya kaunti za eneo la Ziwa Victoria. Wananchi wanaohudhuria vikao vya bajeti na mipango wanaweza kuuliza maswali ambayo Guangzhou na Foshan walilazimika kuyajibu: barabara hii inaendelea upande wa pili au inaishia mpakani? Mradi ukinufaisha kaunti mbili, kila moja inalipa kiasi gani? Ni afisa gani atakayeulizwa kazi ikikwama? Na anayevuka mpaka kila siku kwenda sokoni, shuleni au hospitalini, atahudumiwa au atarudishwa?

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini mji mmoja husita kusafisha mto unaopita katika miji miwili? Ni mpango gani unaoweza kumaliza kusita huko?

2. Umiliki wa asilimia 51 kwa 49 ulisaidia vipi reli kujengwa? Ungekuwaje mgao wa haki kwa soko au barabara ya mpakani mwa kaunti mbili?

3. Viwanda vya kauri vilipohama Foshan, tatizo la moshi lilikwisha au lilihama?

4. Taja huduma moja ambayo wakazi wa mpakani mwa kaunti hii huifuata katika kaunti jirani. Ni nani anayeigharamia?