Kutambua Aina za Plastiki kwa Maji na Chumvi: Somo kwa Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Mtoto wa Karagwe hana haja ya kufundishwa tofauti kati ya mgomba wa ndizi za kupika na mgomba wa ndizi za pombe. Hutazama shina na mkungu, akajibu bila kusita. Lakini mtoto huyo huyo akiwekewa mezani dumu la rubisi, kipande cha bomba la maji na kifuniko cha chupa, atasema kwamba vyote ni plastiki, na maarifa yake yatakomea hapo. Hatuna sababu ya kumcheka, kwa maana walimu wengi nao hukomea hapo hapo.

Neno "plastiki" ni jina la ukoo, si jina la mtu. Ndani ya ukoo huo mna polithini, polipropilini, polistaireni, PVC, akriliki na nyingine nyingi, na kila moja ina tabia yake mbele ya maji, mbele ya msumeno, na hasa mbele ya moto. Mwalimu afundishaye kazi za mikono bila kuzijua tabia hizo aweza kuwatia wanafunzi wake hatarini pasipo kukusudia.

Tuitazame hatari yenyewe kwanza. Katika karakana za mabango za mijini, mabamba ya plastiki siku hizi hukatwa kwa mashine ya leza, ambayo hukusanya mwali usioonekana kwa macho mahali padogo kama ncha ya sindano, hata bamba likageuka mvuke pale mwali unapopita. Bamba la akriliki hukatika vizuri mno, ukingo wake ukang'aa kama kioo kilichosuguliwa. Bamba la polikaboneti, ambalo kwa macho laweza kufanana kabisa na akriliki, huungua na kugeuka manjano au kahawia. Bamba la PVC halipaswi kamwe kuingizwa katika mashine hiyo, kwa sababu likipata joto kali hutoa gesi ya hidrojeni kloridi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu huwa asidi ya hidrokloriki, ikala vyuma vya mashine na kuchoma koo na mapafu ya fundi. Kwa hiyo fundi hodari, kabla hajauliza bamba litakatwaje, huuliza ni bamba la aina gani.

Shule zetu nyingi hazina mashine ya leza. Lakini zina moto. Wanafunzi hutoboa plastiki kwa msumari uliopashwa jikoni ili watengeneze magari ya kuchezea. Nyumbani huwashia kuni kwa vipande vya ndoo na mifuko. Joto la msumari na joto la leza mbele ya PVC ni mamoja. Na katika mji wa soko kama Omurushaka, pale barabara ya Murongo inapoanzia, mabomba na vipande vya dari vya PVC havikosekani kwenye nyumba zinazojengwa, na watoto huviokota.

Baadhi ya vitabu vya ufundi hueleza njia ya kutambua plastiki kwa kuichoma, kisha kutazama rangi ya mwali na kunusa moshi. Njia hiyo hutoa majibu, na mafundi wazee waijua. Darasani haifai hata kidogo. Mwalimu aliye mbele ya watoto hamsini, akiwaalika wanuse moshi wa kitu wasichokijua, atakuwa amewafundisha tabia ambayo hatapata nafasi ya kuwaondolea. Yafaa basi tutumie njia ya maji na chumvi, ambayo haina moshi na gharama yake ni ndogo.

Vifaa vyatakiwa kutayarishwa siku moja kabla ya somo. Tafuta chupa ya maji ya kunywa pamoja na kifuniko chake. Kalamu ya wino ya kawaida, ile ambayo mwili wake ni mwangavu kama kioo, pamoja na kifuniko chake. Kipande cha bomba la PVC. Kipande cha dumu la njano la mafuta ya kula. Na kiriba cha kuoteshea miche ya kahawa. Vikate wewe mwenyewe kwa mkasi na msumeno viwe na ukubwa wa ukucha, maana mwili wa kalamu huvunjika kwa ncha kali. Tayarisha pia mabakuli mawili. La kwanza litiwe maji matupu. La pili litiwe maji ya chumvi: vikombe vitatu vya maji kwa kikombe kimoja cha chumvi, ukoroge mpaka chumvi ikatae kuyeyuka zaidi, kisha umimine maji ya juu na kuacha masalia chini. Lita moja ya maji matupu ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya maji hayo ya chumvi hukaribia kilo 1.2. Somo zima limejengwa juu ya tofauti hiyo ndogo.

Usianze kwa kueleza. Waache wanafunzi wakisie kipande kipi kitaelea na kipi kitazama, na uandike makisio yao ubaoni, yakiwemo yale ya ovyo. Kisha tia tone moja la sabuni katika kila bakuli na uwaite mmoja mmoja watumbukize vipande na kuvisukuma chini kwa kijiti. Sabuni na kijiti si urembo: kipande kidogo chenye mapovu ya hewa huweza kukaa juu ya maji kwa udanganyifu.

Katika maji matupu, kipande cha dumu, kiriba na vifuniko vyote viwili vitaelea. Hivyo ni polithini au polipropilini, ambazo lita yake moja haifiki kilo 1. Chupa, mwili wa kalamu na bomba vitazama. Hapo wanafunzi watashangaa kwamba chupa na kifuniko chake, vitu ambavyo hununuliwa kama kitu kimoja, vimeachana. Sasa hamishia vile vilivyozama katika maji ya chumvi. Mwili wa kalamu utapanda juu, kwa kuwa ni polistaireni, ambayo lita yake ina uzito wa kilo 1.05 hivi. Chupa na bomba vitabaki chini. Vyote viwili hukaribia kilo 1.4.

Chupa na bomba hutofautishwaje? Hapa maji hayatusaidii tena, bali alama. Tangu mwaka 1988, kwa mpango ulioanzishwa na chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani, vyombo vingi hupigwa namba ndani ya pembetatu: 1 ni ya PET, ndiyo chupa yetu, 2 ni polithini ngumu ya madumu, 3 ni PVC, 4 ni polithini laini, 5 ni polipropilini, 6 ni polistaireni, na 7 ni kapu la zilizobaki zote. Wanafunzi waweza kuzitafuta namba hizo nyumbani, kazi waipendayo sana. Jiandae pia kuulizwa kwa nini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019 ilhali viriba vya miche vipo: kanuni zile ziliacha vifungashio vya kilimo.

Yapo mambo yanayoweza kumwaibisha mwalimu asiyeyajua. Kiti cha polipropilini kilichochanganywa na unga wa chokaa kiwandani huweza kuzama. Akriliki, ambayo lita yake hukaribia kilo 1.19, husitasita katika maji ya chumvi, na jibu lake si la kutegemea. Lililo baya kuliko yote ni bamba jeupe la PVC lenye mapovu ndani yake, litumikalo kwa mabango: huelea kama ubao, nalo ni PVC ile ile. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "kinachoelea ni salama" atalipeleka motoni bila wasiwasi. Kwa hiyo mfundishe kwamba bamba lisilojulikana jina halipashwi joto, liwe limeelea au limezama. Likatwe kwa msumeno.

Pale ambapo uhakika unatakiwa, wakemia hutumia waya wa shaba, kwa njia yenye jina la Friedrich Beilstein, mkemia wa karne ya 19. Waya hupashwa mpaka mwali usiwe na rangi ya kijani tena, huguswa kwenye plastiki, kisha hurudishwa motoni. Mwali ukigeuka kijani, yamkini mna klorini. Jaribio hilo lifanyike chuoni, nje ya jengo, kwa chembe ndogo, mkufunzi akiwapo. Lisipelekwe katika shule ya msingi.

Kazi kwa wanachuo: Kusanyeni vipande kumi vya plastiki kutoka sokoni na kwenye nyumba zinazojengwa, mvipange kwa makundi kwa maji na chumvi tu, kisha mlinganishe na namba zilizopigwa juu yake. Ni vipande vingapi vimepingana na namba zao, na kwa nini? Andikeni pia maneno ambayo mngemwambia mwanafunzi wa darasa la sita aliyekuja na kipande cha dari na msumari wa moto mkononi.