Nguo zisijikunje melini

Swali: Msomaji anayejiandaa kwa safari ya meli ya kitalii anauliza: nguo atazinyooshaje?

Jibu: Pasi aiache nyumbani. Kampuni nyingi, Royal Caribbean ikiwemo, hupiga marufuku pasi za abiria, hata za mvuke, kwa kuhofia moto. Meli ya Queen Mary 2 ina chumba cha kufulia chenye pasi, ila jioni ya mavazi rasmi ajiandae kwa foleni.

Kazi kubwa ni kupanga sanduku. Fulana ziviringishwe. Suti ivalishwe mfuko mwepesi wa plastiki wa dobi, ili kitambaa kiteleze badala ya kusuguana na kushika mikunjo.

Akifika chumbani, atundike nguo papo hapo. Shati lililojikunja liwekwe bafuni anapooga maji moto, kisha avute kola na pindo kwa mikono. Poliesta itanyooka, ila kitani bora ampe mhudumu akipige pasi, alipie.