Kufundisha Kujieleza Mtandaoni Katika Somo la Utungaji wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Malalamiko kwamba somo la utungaji halina uhusiano na maisha ya mwanafunzi ni ya zamani. Mwanafunzi hufundishwa barua rasmi yenye anwani mbili, kichwa cha habari na saini, akamwandikia mkuu wa shule wa kubuni. Akitoka darasani huenda asiandike tena barua ya namna hiyo mpaka siku atakapoomba kazi. Lakini huyo huyo, akifika chuo kikuu, huwa na simu ya mkononi, na katika simu hiyo amekwisha kujitungia matini fupi inayosomwa na watu wengi kuliko insha zake zote: jina alilojichagulia, picha, na mstari mmoja au miwili ya kujieleza. Matini hiyo hatukumfundisha kuitunga. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba ni mali ya somo la utungaji, wala si ya somo la kompyuta, na kwamba Kiswahili kina mapokeo yake ya kujieleza ambayo mwalimu anaweza kuanzia hapo.

2.0 Mapokeo ya kujitaja

Watunzi wa tenzi walikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni mwa utungo. Tuchukue Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Katika beti za mwisho mtunzi anatoa jina lake, anataja Pate kuwa ndiko alikozaliwa, na anaweka tarehe kwa mwaka wa Hijra, yaani 1275. Kabla ya jina anajieleza kuwa mgeni mwenye majonzi na mwenye dhambi nyingi. Msomaji wa leo asidhani kwamba hayo ni maungamo matupu. Ni unyenyekevu wa kanuni, nao unafanya kazi: mama aliyetoa mawaidha marefu hivyo anajishusha ili mawaidha yapokelewe.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yetu ni kubwa zaidi, ni la hadhira. Utendi unaanza kwa kumwita mtu mmoja, bintiye Mwana Hashima, aketi na karatasi na wino. Kabla ya kwisha, mtunzi amekwisha kuwageukia wanawake wote na kuwahimiza wausome. Mwaka 1917 Alice Werner aliuchapisha Marekani, na hapo ukawafikia wasomaji ambao Mwana Kupona asingeweza kuwawazia. Maneno hayakubadilika kwa ajili yao. Aliyebadilika ni msomaji. Hii ndiyo hali inayomkabili kila anayeandika mtandaoni, isipokuwa kwamba safari iliyochukua karibu miaka sitini sasa huchukua dakika.

Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1959, alilinganisha maisha ya kila siku na tamthilia yenye mbele ya jukwaa na nyuma ya jukwaa. Mlinganisho huo unatufaa kwa kiasi tu, kwa sababu mwigizaji wa Goffman huwaona watazamaji wake. Mwanafunzi wetu hawaoni wake.

3.0 Mifano

Mifano ifuatayo tumeitunga wenyewe.

(1) Mtoto wa mama. Mungu kwanza. Wenye wivu mjinyonge.
(2) Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, isimu na fasihi. Nakusanya majina ya kanga.

Ni rahisi kwa mwalimu kusema kwamba (1) ni mbaya na (2) ni nzuri. Huo ni upesi wa hukumu. Mfano (1) una mapokeo yake, tena ni yale yale anayoyakusanya mwandishi wa (2). Sentensi ya tatu ni kijembe: inamlenga mtu mahsusi bila ya kumtaja, kama jina la kanga linavyofanya. Tofauti ni kwamba mvaaji wa kanga huchagua aivae wapi na mbele ya nani, kisha jioni huivua na kuikunja. Kijembe cha mtandaoni hakikunjwi; mtu yeyote aweza kuipiga picha skrini na kukihifadhi. Kwa hiyo kosa la (1), kama lipo, si la adabu wala la sarufi. Ni kwamba mtunzi alimwandikia msomaji mmoja mahali wanapopita wote.

4.0 Zoezi la darasani

Tunapendekeza somo lianze bila ya simu, hasa kwa kuwa shule nyingi za sekondari haziruhusu wanafunzi kuwa nazo. Kila mwanafunzi aandike mistari miwili ya kumweleza mtu wa kubuni, katika kadi isiyo na jina lake. Kadi zichanganywe, kisha kila moja isomwe mara tatu: kama anavyoisoma mjomba, kama anavyoisoma mwajiri, na kama anavyoisoma mtu asiyemjua kabisa mwandishi. Darasa lieleze kila msomaji ameelewa nini. Hapo ndipo teknolojia iingie: kadi moja ichapwe, ioneshwe ukutani, iandikwe upya mbele ya wote, na matoleo yote yahifadhiwe ili yalinganishwe.

Mtu wa kubuni tumemchagua kwa makusudi. Mwalimu asimlazimishe mwanafunzi kufungua ukurasa wake halisi mbele ya wenzake. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ilitunga sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mamlaka ya mwalimu juu ya alama hufanya ridhaa ya mwanafunzi kuwa ya mashaka.

Kuhusu usahihishaji, alama zitolewe kwa maelezo ya uteuzi: kwa nini neno hili na si lile, kwa ajili ya msomaji gani, na limeacha nini nje. Zisitolewe kwa haiba ya anayejieleza. Na mwanafunzi atakayeamua kwamba mtu wake wa kubuni hatajieleza mtandaoni hata kidogo, akatoa sababu zake kwa Kiswahili fasaha, amekamilisha zoezi, naye apewe alama zake.