Mwenye Mali Hayupo Kikaoni: Fedha na Uongozi wa Mashirika ya Kujitolea Bukoba na Muleba



Katika somo hili tunatafakari jambo ambalo wengi hulipisha kando tunapozungumzia upendo kwa jirani, nalo ni hesabu. Parokiani na vijijini mwetu kuna vikundi na mashirika mengi ya kujitolea. Yapo yanayosomesha yatima, yanayolea wazee, na yanayosaidia vikundi vidogo kujiandikisha, kuandaa katiba na kutunza vitabu. Sisi tunaosoma falsafa tumejiuliza: kwa nini watu wema, wanaosali na kujitolea, mara nyingi hugombana wanapofikia fedha? Jibu tunalopendekeza ni kwamba katika shirika la namna hii mwenye mali hayupo kikaoni. Kwa hiyo lazima pawe na utaratibu unaokaa kwenye kiti chake.

1. Mkoa uliozoea kuchangiana

Kagera inajua kuchangiana. Mwaka 2000 watafiti walifuatilia maisha ya kaya 119 za Nyakatoke, kijiji cha Bukoba Vijijini wakati huo. Walikuta watu wamejipanga katika vikundi vya kuzikana vyenye wanachama wanaojulikana, michango iliyokubaliwa na kanuni za kumwadhibu asiyetimiza wajibu. Hakuna mfadhili aliyewafundisha. Kikundi cha kuzikana kinadumu kwa sababu kila anayechanga anajua kwamba siku moja msiba utafika kwake. Mweka hazina akikosea hesabu, yupo mama atakayesimama pale pale na kuuliza, kwa kuwa fedha ni zake.

Ulipokuja UKIMWI mambo yalibadilika. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Miaka iliyofuata iliacha yatima wengi na bibi waliolazimika kulea upya. Misaada ikaja kutoka mbali, na mashirika yakazaliwa ili kuifikisha. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipoingia. Anayetoa fedha yuko Dar es Salaam au Ulaya. Anayepaswa kuzipata ni mtoto wa darasa la tatu au bibi asiyejua kusoma. Wanaoketi kikaoni na kuamua si huyu wala yule.

2. Mali hii ni ya nani?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika *Summa Theologiae*, anauliza kama ni halali mtu kumiliki kitu kuwa chake. Anajibu kwamba ni halali mtu kupata mali na kuigawa, lakini katika kuitumia anapaswa kuiona kama ya wote, awe tayari kumshirikisha mwenye shida. Anatoa sababu tatu za kuruhusu umiliki wa mtu binafsi. Ya kwanza, kila mtu hutunza kwa bidii zaidi kilicho chake kuliko kilicho cha wengi. Ya pili, mambo huenda kwa mpangilio kila mtu anapokuwa na sehemu yake ya kushughulikia. Ya tatu, watu huishi kwa amani zaidi kila mmoja akiridhika na kilicho chake.

Tuzitumie sababu hizo kwa shirika la kujitolea. Fedha zake si za mwenyekiti wala za mweka hazina. Basi bidii, mpangilio na amani ambavyo umiliki ungevileta havipo, na ni lazima viletwe kwa njia nyingine. Bidii italetwa na wajibu wa kutoa hesabu, mpangilio utaletwa na mgawanyo wa kazi, na amani italetwa na uwazi. Ndiyo maana tunasema kwamba vitabu vya fedha, katiba na mihtasari ya vikao si karatasi za kumridhisha mfadhili tu. Vinafanya kazi ambayo mwenye mali angeifanya kama angekuwepo.

3. Somo la tetemeko la 2016

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wetu. Watu zaidi ya 15 walifariki, nyumba nyingi zilianguka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Michango ikaanza kumiminika kutoka ndani na nje ya nchi. Katika wiki chache tu yakajitokeza maswali mawili ambayo kila kikundi cha parokia kinapaswa kujiuliza.

Swali la kwanza lilihusu akaunti. Kabla mwezi haujaisha, Ikulu ilitangaza kutenguliwa kwa uteuzi wa viongozi wawili wa ngazi ya mkoa na manispaa, kwa maelezo kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na lile la akaunti rasmi ya maafa. Shauri lilipelekwa mahakamani, na kuamua nani ana hatia ni kazi ya mahakama, si yetu. Sisi tunachukua funzo moja tu: mchangiaji aliyeko mbali hana njia ya kutofautisha majina mawili yanayofanana. Akaunti ya shirika ifunguliwe kwa uamuzi wa kikao ulioandikwa kwenye muhtasari, iwe na watia saini wasiopungua wawili wasio wa familia moja, na itangazwe wazi kuwa hakuna nyingine.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Wengi waliochanga na wengi waliobomokewa walielewa kwamba fedha zingejenga nyumba zao. Januari 2017 Rais Magufuli alipofika Bukoba alieleza kwamba Serikali isingemjengea kila mtu nyumba, bali ingerudisha miundombinu ya umma. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa sababu shule ikisimama inahudumia watoto wa wengi. Ihungo ilijengwa upya, na Serikali ya Uingereza ilichangia. Lakini mama aliyekuwa akilala chini ya turubai naye alikuwa na hoja, kwa maana michango iliombwa kwa jina la waathirika. Hatutaki kuamua nani alikuwa sahihi. Tunasema kwamba lengo linapaswa kuandikwa kabla ya kapu kuzungushwa, si baada ya kujaa.

Sheria ya Kanisa inalisema hili bila kuzunguka. Kanuni ya 1267 inataka sadaka iliyotolewa na waamini kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Kanuni ya 1284 inawadai wasimamizi watunze vitabu vya mapato na matumizi na kuandaa hesabu kila mwisho wa mwaka, na ya 1287 inataka waamini waelezwe juu ya mali waliyoitoa. Mwaka 2012 Papa Benedikto XVI, katika barua yake juu ya huduma ya upendo, alidai mashirika ya hisani yaliyo chini ya uangalizi wa askofu yampelekee taarifa ya fedha kila mwaka.

4. Salio la benki linaweza kutudanganya

Tuchukue mfano wa kubuni. Shirika dogo wilayani Muleba lina shilingi 6,000,000 benki. Kati ya hizo, 4,500,000 zilitolewa kwa ajili ya sare na madaftari ya yatima, na 1,000,000 kwa ajili ya bati za nyumba ya bibi mmoja. Zilizobaki, 500,000, hazikufungwa na sharti lolote. Mwezi huu shirika linadaiwa 700,000: kodi ya chumba cha ofisi, mafuta ya pikipiki, vocha za simu na posho ya anayetunza vitabu. Je, linaweza kulipa?

Taarifa ya benki inasema ndiyo, tena kwa urahisi. Dhamiri inasema hapana. Fedha ambazo shirika lina uhuru nazo ni 500,000, kwa hiyo limepungukiwa 200,000. Hapa ndipo viongozi wengi wema huanguka. Husema, "Tukope kwanza kwenye fungu la watoto, tutarudisha msaada mwingine ukifika." Msaada ukichelewa, Januari inafika na watoto hawana sare. Hakuna aliyeiba, lakini watoto wamekosa.

Njia za haki zipo. Shirika linaweza kupunguza matumizi. Linaweza kumwandikia mtoaji na kuomba ruhusa yake kabla ya kugusa fungu. Na lililo bora ni kuweka gharama za uendeshaji ndani ya bajeti tangu siku ya kuomba fedha. Sisi waamini tuna sehemu yetu ya lawama hapa, maana tunapenda kusikia kwamba kila senti imekwenda kwa yatima. Shirika lisilo na fedha ya kumlipa mtunza vitabu litakosa vitabu, na Waswahili walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye busara hutenga pia akiba kidogo ya uendeshaji, ili huduma isisimame mfadhili mmoja akiondoka.

5. Nani afanye nini?

Injili ya Yohane inatuambia kwamba Yuda Iskarioti ndiye aliyeshika mfuko wa mitume, na hatusomi kwamba kulikuwa na mtu wa pili wa kuuangalia pamoja naye. Mtakatifu Paulo alichukua njia nyingine. Alipokusanya mchango kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, anaeleza katika sura ya nane ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate neno la kumlaumu juu ya fedha hizo. Paulo hakuwa mwizi. Alijua kwamba uaminifu unahitaji kuonekana, na kwamba shahidi humlinda pia anayeshika mfuko.

Kwa shirika la leo, hekima hiyo ya Paulo inatupa mambo matano:

- Anayeidhinisha malipo asiwe yule yule anayelipa, wala yule anayeandika kitabu.
- Kila pokeo liwe na stakabadhi na kila tokeo liwe na hati ya malipo. Michango ya simu ipokelewe kwa Lipa Namba ya shirika, isipokelewe kwa namba ya mtu binafsi.
- Kila mwezi mtu asiye mweka hazina alinganishe kitabu na taarifa ya benki.
- Mjumbe mwenye maslahi katika jambo, kama duka la mdogo wake linapotaka kuuza bati kwa shirika, aseme hivyo na atoke kikaoni wakati wa kuamua.
- Uongozi uwe na ukomo wa muda. Mwanzilishi anaheshimiwa kama mzazi, lakini shirika si shamba la ukoo.

Lipo pingamizi tunalolisikia mara nyingi: kumuuliza mzee maswali ya fedha ni kumkosea adabu. Tunajibu kwa heshima kwamba utaratibu ukiwa wa wote, haumlengi mtu. Mzee akitoa taarifa kila robo mwaka kwa sababu katiba inasema hivyo, hakuna kijana atakayelazimika kumnyooshea kidole. Kinachomvunjia mzee heshima ni minong'ono, nayo huota mahali pasipo na taarifa.

6. Nshamba: kumpa mwenye mali kiti

Huko Nshamba, Muleba, tunaona hatua nyingine mbele. Vijana waliofiwa na wazazi walijiunga katika Vijana Simama Imara, chama kilichozaliwa ndani ya mradi wa Humuliza, wakachagua viongozi wao wenyewe na kuendesha shughuli zao. Hapo hapo Nshamba, tangu mwaka 2003, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee pensheni ya kila mwezi, hasa bibi wanaolea wajukuu. Utafiti juu ya kazi hiyo ulitolewa mwaka 2008, na jina lake lilitaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, vitu ambavyo bibi akiwa na fedha mkononi huweza kuvinunua.

Kwa upande wa uongozi, funzo ni kubwa. Bibi anayejua kiasi anachostahili na siku ya kukipokea anaweza kuuliza kisipofika. Asiyejua anabaki kushukuru chochote anachopewa. Kwa hiyo tunapendekeza orodha ya mafungu na kiasi chake ibandikwe mahali pa wazi, na walezi wa wanufaika wapewe nafasi katika kamati. Hiyo ndiyo kanuni ya Mafundisho Jamii ya Kanisa aliyoieleza Papa Pius XI mwaka 1931: ngazi ya juu isiwapokonye walio chini kile wanachoweza kukifanya wenyewe.

7. Sheria ya nchi

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika yaandae taarifa ya kazi ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Marekebisho ya mwaka 2019 yameweka ukomo wa cheti cha usajili kuwa miaka 10, kisha kuhuishwa. Shirika linalokaa miaka bila taarifa linajiweka hatarini, na anayeumia kwanza ni mtoto anayelitegemea. Viongozi wasione haya kumwendea afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, au kumwomba mhasibu wa parokia ajitolee saa chache kwa mwezi. Hiyo nayo ni sadaka.

Tuhitimishe. Bwana wetu alisimulia habari za wakili aliyeitwa kutoa hesabu ya kazi yake. Sisi sote tutaitwa. Ni vema basi tuzoee kuitoa mapema, mbele ya wale ambao kwa ajili yao tulikabidhiwa.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya ndogondogo:

1. Katika kikundi chetu, mwenye mali ni nani, na anapata wapi nafasi ya kuuliza?
2. Je, tunajua ni kiasi gani cha salio letu kina lengo maalumu?
3. Mweka hazina wetu akiugua leo, nani anaweza kuendelea na vitabu kesho?