Anzia Juu, Malizia na Rangi: Vidokezo vya Kukarabati Nyumba Pwani ya Kusini

Ukishika barabara ya Ukunda kwenda Msambweni, hesabu nyumba zilizopakwa rangi mpya upande wa barabarani huku mabati yake yakitiririsha kutu. Wenyewe wameanza na kile ambacho wapita njia watakiona. Siwacheki, maana nami nilianzia hapo hapo. Nyumba aliyotuachia marehemu mama niliipaka rangi ya maziwa mwezi wa Februari, na ilipofika Juni ukuta unaotazama bahari ulikuwa umevimba mapele, rangi inabanduka vipande vipande. Ikabidi kazi irudiwe. Mengi ya hapa chini niliyajua mara ya pili.

1. Kaa na ndugu kabla hujakaa na fundi.

Nyumba nyingi kuanzia Tiwi hadi Vanga ni za urithi. Ukibomoa chumba alicholala babu, yuko shangazi Lunga Lunga atakayetaka kujua ulimuuliza nani. Na mirathi ya huku kwetu ina tabaka zake. Zamani Wadigo walirithishana kwa upande wa mama, mali ya mjomba ikamwendea mpwa. Ukaja Uislamu na mafungu yake, kisha serikali na hatimiliki zake. Andikeni nani anatoa nini, na kama pesa hizo zitahesabiwa siku ya kugawana. Sisi tulikaa ndugu wanne kwa daftari moja na birika mbili za chai. Kaka mkubwa hakutoa hata senti, lakini alitaka yeye ndiye achague rangi ya mlango. Tukamwachia mlango.

2. Isome nyumba mwenyewe.

Izunguke mchana kweupe, na kama mvua inanyesha, ndiyo bora zaidi. Tazama sana upande unaopigwa na upepo wa kusi. Mawe yetu ya timbo ni matumbawe ya kale, yana vitundu kama sponji. Yananyonya maji kutoka chini, maji yanapanda na chumvi, yakikauka chumvi inabaki usoni mwa ukuta, nyeupe kama unga, ikiisukuma lipu itoke.

Fundi mzee aliyekuja kwangu mara ya pili hakutoa futi wala penseli. Alikwaruza ukuta kwa ukucha, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema mate pembeni.

"Mama, rangi haina kosa," akasema. "Ukuta wako unakunywa."

Tukatafuta unapokunywa. Bomba la bafuni lilikuwa likivuja ndani ya ukuta, tena si jana wala juzi. Upande wa pili, mimi na mapenzi yangu ya maua tulikuwa tumejaza udongo wa bustani hadi ukapita usawa wa sakafu. Hata ningepaka mara kumi, ingebanduka mara kumi.

Kama nyumba yako ni ya zamani na mawe yake yalishikanishwa kwa chokaa, usikubali haraka ipigwe lipu nzito ya simiti. Simiti inafungia unyevu ndani, chokaa inauacha utoke. Waliojenga Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini Diani, walitumia matumbawe na chokaa, na hadi leo watu wanaswali humo.

3. Paa, kisha maji, kisha umeme. Vigae vya jikoni vinaweza kungoja.

Najua vilivyo vizuri. Vingoje tu.

4. Panga kazi kwa pepo na kwa mwezi.

Hapa ndipo pwani inapowashinda wageni wanaokuja na ratiba za bara. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi, na miezi ya Januari na Februari ndiyo mikavu kuliko yote. Huo ndio wakati wa kufumua paa. Masika yanaingia Aprili na kushika kasi Mei, kusi ikiwa imeshaanza. Anayefumua mabati wiki ya mwisho ya Machi ana imani kubwa kuliko yangu.

Shida iko kwa wenye nyumba za wageni Diani. Desemba hadi Machi ndipo wanapovuna, na wageni wakiondoka, mvua inaingia. Wengi hukarabati Aprili na Mei kwa kuwa vyumba ni vitupu, kisha wanalalamika kwamba lipu haikauki. Dawa ni kuigawa kazi: Aprili hadi Juni fanya ya ndani, yaani mabomba, nyaya, makabati na milango. Ya juu iwekee wiki chache Agosti au Septemba, au ukubali kukosa wageni Januari moja.

Tena kuna Ramadhani, inayorudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kizungu. Fundi aliyefunga hawezi kukuchanganyia zege saa nane mchana, na ukimlazimisha, zege litakuonyesha. Mafundi wengi huanza alfajiri na kufunga kazi adhuhuri. Ijumaa nayo ina nusu siku. Ukiyaweka haya kwenye hesabu tangu mwanzo, hutamwita mtu mvivu kwa kuwa ameenda kuswali. Na Januari, shule zikifunguliwa, kila fundi ataomba malipo ya mbele. Jiandae na jibu lako mapema.

5. Jua unamwajiri nani.

Fundi ni mtu wa kazi yake: mawe, mbao, mabomba, stima. Kontrakta ndiye anayewakusanya wote hao, anayejibu mbele yako na anayebeba hasara wakikosana. Wengi wanaojiita makontrakta ni mafundi wazuri wa mawe waliopata kadi za biashara. Hakuna ubaya, mradi ulipe bei ya fundi na usimamizi uufanye mwenyewe.

Kwa kazi kubwa, mwulize namba yake ya NCA, ile mamlaka ya taifa ya ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Makontrakta wake wamepangwa kwa madaraja, NCA 1 wakiwa wa kazi kubwa kabisa na NCA 8 wa ndogo. Fundi wa stima naye awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Nyaya zilizoliwa na hewa ya chumvi si mahali pa mpwa aliyejifunza kwa kutazama video.

Halafu omba kuonyeshwa kazi yake ya zamani. Ya mwezi uliopita haikuambii kitu, kila kitu kipya kinang'aa. Taka nyumba iliyokwishapitiwa na masika mawili, umwulize mwenyewe mkiwa wawili, fundi hayupo.

6. Karatasi za serikali.

Ukiongeza chumba, ukipandisha ghorofa, au ukigeuza nyumba ya familia kuwa ya kulaza wageni, ramani na ombi vipite kwanza serikali ya kaunti, chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019. Mlango wa kubomolewa ni ghali kuliko mlango wa ofisi. Na kama paa la zamani ni la asbesto, usiruhusu mtu alipige nyundo. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, vumbi lake linaua mapafu, na kuiondoa kuna watu wake wenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira.

7. Andika hata yale mnayoona aibu kuyaandika.

Kuna aina mbili za makubaliano: ya mikono tu, ambapo vifaa unanunua wewe, na ya kila kitu, ambapo kontrakta ananunua. Ya kwanza inakula muda wako, ya pili inahitaji uaminifu na risiti. Yoyote utakayochagua, karatasi itaje kazi chumba kwa chumba, unene wa mabati, aina ya rangi na idadi ya mikono ya kupaka, nani analeta maji, nani anazoa kifusi, mafundi wanakula wapi na vifaa vinalala wapi usiku. Itaje pia siku ya kumaliza na hatua za malipo. Wawepo mashahidi wawili. Mzee wa mtaa ni shahidi mzuri, maana anawajua nyote na anakaa hapo hapo.

Kipengele kilichonigharimu mimi ni cha mabadiliko. Kontrakta wangu wa kwanza, kijana mcheshi ajabu, alinipokea asubuhi moja kwa kusema, "Mama, dirisha tuliona tulisogeze kidogo." Kidogo ilikuwa futi tatu. Lenta mpya, fremu mpya, vyuma vipya, na vyote vikaingia kwenye bili yangu kwa kuwa hakuna mahali tulipoandika kwamba "kuona" si ruhusa. Siku hizi badiliko lolote linaandikwa kwenye daftari la saiti, na bei yake na sahihi mbili, kabla jiwe halijaguswa. Malipo ni kwa M-Pesa au benki, hata ya kibarua wa siku moja. Ujumbe wa simu hausahau kama mimi.

Juu ya jumla yote, weka kando kama asilimia 15 ambayo kontrakta hajui kuwa ipo. Ukifumua nyumba ya pwani, utakuta mchwa mahali ambapo hukumwalika.

8. Onja mchanga.

Mchanga wa ufuoni uko karibu na ni wa bure, na ndio unaokula nyumba. Chumvi yake hupenya kwenye zege, vyuma vikashika kutu, kutu ikivimba zege linapasuka. Taka mchanga wa mto. Lori likifika, kabla halijamwaga, chukua konzi ujaze nusu ya chupa ya jamu, tia maji, tikisa, iache itulie. Mchanga utakaa chini, udongo utalala juu yake. Udongo ukiwa mwingi, lori lirudi lilikotoka. Dereva atanuna. Mwache anune.

Maji nayo ni vivyo hivyo. Visima vingi vya karibu na bahari ni vya maji ya chumvi, na maji unayoyakataa kwenye chai usiyakubali kwenye zege.

Mabati ya upande wa bahari yawe ya rangi yenye mipako mizuri, na misumari yake iwe ya sifa hiyo hiyo. Paa huanza kuoza kwenye tundu la msumari wa bei rahisi. Kama unapenda makuti, kama mimi kwenye baraza, paa liwe la mteremko mkali na makuti yabanane. Waulize kina mama wanaoyashona, watakwambia yapi ni ya mwaka huu na yapi yamelala ghalani. Jiko la kuni likae mbali nayo kabisa. Boriti za mikoko zinunue kwa mwenye kibali cha idara ya misitu. Watu wa Gazi na Makongeni wanalinda mikoko yao tangu 2013 kwa mradi wa Mikoko Pamoja, mauzo ya hati za hewa ya ukaa yakawaletea pesa za maji na shule, na hawafurahii kuona shina limekatwa usiku kwa ajili ya baraza la mtu.

9. Majirani wenye mikia.

Diani, kabla ya kukata matawi au kuvuta waya mpya, zungumza na watu wa Colobus Conservation. Wako hapo tangu 1997, wanafunga ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wavuke, na wanajua waya upi unawaua. Tumbili hawahitaji mtetezi. Weka wavu madirishani kabla hujaweka matunda mezani.

10. Rangi ni ya mwisho.

Ukuta ukauke kwanza, wiki si siku. Ukifungua kopo la rangi nyeupe, kumbuka kuwa weupe ule unatokana na madini ya titani, na kwa zaidi ya miaka 10, hadi mwishoni mwa 2024, madini hayo yalichimbwa hapa hapa Kwale na kupakiwa melini Likoni. Mchanga wetu ulienda ng'ambo, ukarudi kwenye makopo kwa bei ya ng'ambo. Usiipoteze kwa ukuta mbichi.

11. Kama uko Muscat au Birmingham.

Usimwachie binamu pesa na usimamizi kwa pamoja. Mmoja ashike mfuko, mwingine ashike futi, na wasiwe watu wa nyumba moja. Omba picha za vitu kabla havijafunikwa: mabomba kabla ya lipu, vyuma kabla ya zege. Picha ya sofa mpya haikuambii kitu.

12. Bakisha asilimia 10 hadi mvua inyeshe.

Iandikwe tangu mwanzo, ili isionekane dhuluma baadaye. Mimi nilimwambia yule mzee aliyeonja ukuta wangu kuwa fungu lake la mwisho ni la masika. Hakukasirika. Aliuliza tu kama nina ngazi ndefu.

Mvua ya kwanza ilishuka usiku, mwishoni mwa Machi. Nikazunguka na tochi: chumba cha mama, kikavu, sebuleni, kukavu, kona ya jikoni, tone, kisha jingine, kwenye sufuria. Nikangoja adhana ya alfajiri ndipo nimpigie.

"Nimeshatoka nyumbani, mama," akasema, na nyuma yake nikasikia bodaboda ikinguruma. "Ni kona ya jikoni, siyo? Ile kona sikuipenda tangu siku ile."

Alikuja na msumari mmoja mfukoni na kipande cha mpira. Jioni nikamtumia salio lake.