Somo la Akina Mama: Hedhi Isiyofuata Kalenda

Mwezi huu tuongee juu ya jambo tunalonong'onezana kisimani tu: hedhi inayopotea miezi miwili mitatu, ndevu zinazoota kidevuni, chunusi zisizoisha, na mimba isiyoshika. Tangu kule Pweto hadi hapa Mantapala, mwanamke wa namna hiyo huambiwa amerogwa, au analipa dhambi ya ujana. Wengine wamerudishwa kwa wazazi wao. Hana naye alisimangwa na Penina, lakini Maandiko hayasemi popote kwamba alikuwa na kosa.

Mara nyingi dalili hizo ni za ugonjwa ambao madaktari huuita PCOS. Hauambukizi. Unapata karibu mwanamke 1 katika kila 10 wenye umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kwamba wanao. Ndani ya mwili kuna homoni ya insulini, inayopitisha sukari ya damu kwenda kwenye misuli. Kwa wengi wenye PCOS insulini inafanya kazi kwa uzito, kwa hiyo mwili unaiongeza. Ikizidi, inachochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi, na yai halikomai.

Hapo ndipo mazoezi yanapoingia. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari bila kudai insulini nyingi, hata kama kilo hazijapungua. Mtasema: sisi tunalima, tunabeba ndoo, mazoezi gani tena? Ni kweli, jembe ni mazoezi. Lakini mavuno yakiisha, au ukikaa kutwa nzima ukiuza samaki sokoni Kashikishi, mwili umelala. Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa juma. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba, wanakwaya watatuelewa.

Na chakula? Bukari ya muhogo ni wanga karibu mtupu. Punguza tonge, ongeza sombe, maharagwe na chisense. Chai isiwe asali. Mama mnene wa kilo 80 akipunguza kilo 4 tu, hedhi inaweza kuanza kurudi. Lakini wembamba nao wanapata PCOS; hao wasijinyime chakula, watembee tu. Na watoto wasipunguziwe sahani kwa sababu ya somo hili.

Hedhi ikikosekana miezi 3 na huna mimba, nenda kliniki. Ukuta wa kizazi usipotoka kwa muda mrefu unaweza kuleta saratani baadaye, na dawa za kuirudisha hedhi zipo. Omba upimwe sukari na presha pia. Usijiite tasa: wengi wenye PCOS huzaa, wengine bila dawa yoyote, na asiyetaka mimba bado anahitaji uzazi wa mpango. Kama mnatafuta mtoto, baba naye apimwe siku hiyohiyo, kwa maana mbegu dhaifu hazionekani kwa macho.