Sauti Inayoona Ndani ya Tumbo

Mara nyingi nawaona wenzetu darasani wakishika pini kwa meno au wakitafuna kifuniko cha kalamu. Tena wako wanaokula samaki kwa pupa, pasipo kutoa miiba. Basi nataka kueleza jinsi kitu kilichomezwa kinavyoweza kudhuru, na jinsi madaktari wanavyokitafuta.

Vitu vingi vilivyomezwa hupita tumboni na kutoka vyenyewe. Lakini mwiba wa samaki, au kijiti cha kuchokolea meno, una ncha. Waweza kutoboa tumbo au utumbo, ukaingia hata katika ini na kufanya jipu. Pengine homa na maumivu huja baada ya majuma mengi, naye mgonjwa amekwisha kusahau kuwa alimeza kitu. Hapo ndipo penye hatari: homa hudhaniwa kuwa malaria, na huku usaha unazidi.

Eksirei huonyesha vizuri sarafu na pini, lakini kijiti hakionekani, na mwiba wa samaki mara nyingi hauonekani. Kwa hiyo ultrasaundi husaidia. Sikio letu husikia sauti inayotikisika mpaka mara 20,000 kwa sekunde. Sauti ya chombo hiki hutikisika mara milioni 2 hadi 15, wala hatuisikii. Hupenya mwilini, na ikikuta kitu kigumu hurudi, kama mwangwi urudivyo kutoka mlimani. Mashine hupima muda wa kurudi, ikachora picha. Mwiba huonekana kama mstari mweupe, pengine na kivuli nyuma yake. Jipu huonekana kama doa la giza. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, walitangaza jinsi walivyochunguza uvimbe wa tumboni kwa njia hii.

Hata hivyo, hewa huzuia sauti hiyo. Kitu kilichofunikwa na hewa ya utumbo chaweza kukosa kuonekana ingawa kipo, na hapo daktari hutafuta njia nyingine.

Betri ndogo ya saa ni jambo la haraka zaidi. Ikikwama katika umio yaweza kuunguza ndani ya saa 2. Mtoto apelekwe hospitali mara moja apigwe eksirei.

Basi, ndugu zangu, ukimeza kitu usione haya, wala usimeze tonge kubwa ili kukisukuma. Mwambie mwalimu, kisha mweleze daktari ni kitu gani na ni siku gani. Hata ukipata homa mwezi ujao, mkumbushe.